Uzi: Filamu bubu za siku moja ya jiji, zilivyojengwa na namna ya kupiga ya Kigoma mjini

LenziYaGungu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna aina ya filamu ambayo huku kwetu haizungumzwi sana: filamu bubu inayoonyesha mji mzima toka alfajiri hadi usiku, haina stelingi, haina hadithi, haina msimulizi. Zilishamiri Ulaya na Amerika miaka ya 1920. Nauleta uzi huu kwa sababu vijana wa Kigoma wana simu zinazotoa picha safi kuliko kamera nyingi za enzi zile, lakini video zao za mji zinafanana zote: droni juu ya ziwa, wimbo, jina la mji kwa maandishi makubwa, imeisha. Kifaa wanacho. Mpangilio wa muda ndio haupo.

Za kuanzia kuzitazama. Manhatta ya mwaka 1921, New York, ya mchoraji Charles Sheeler na mpiga picha Paul Strand, dakika kama kumi tu. Kamera karibu haisogei, na katikati wameweka mistari ya shairi ya Walt Whitman. Kisha filamu ya Berlin ya Walter Ruttmann, 1927, zaidi ya saa moja, imegawanywa sehemu tano: treni inaingia mjini alfajiri, mitaa mitupu, watu wanaenda kazini, mchana wanakula, jioni michezo, usiku taa na kumbi. Halafu ya Dziga Vertov ya 1929, Mtu Mwenye Kamera ya Filamu, iliyopigwa Moscow, Kyiv, Odesa na kwingine, kamera mikononi mwa kaka yake Mikhail Kaufman, uhariri wa mkewe Elizaveta Svilova. Hiyo mwanzoni inatangaza kabisa kwamba haina maandishi ya kuelezea, haina mswada, haina waigizaji.

Zitazameni kwa swali moja: ni kitu gani kinachoamuru picha ipi ifuate ipi? Berlin inaamriwa na saa ya kiwanda. Mvua, filamu fupi ya Joris Ivens na Mannus Franken ya Amsterdam, 1929, inaamriwa na mvua yenyewe: upepo, matone ya kwanza kwenye maji ya mfereji, miamvuli, michirizi kwenye kioo cha tramu, kisha mbingu inafunguka. Picha zake zilikusanywa kwa miezi, lakini mtazamaji anaona mvua moja.

Basi anayetaka kupiga ya Kigoma asichukue saa ya Berlin. Kigoma haiamshwi na king'ora cha kiwanda. Inaamshwa na boti za dagaa, na boti za dagaa zinafuata mwezi. Wenye ujuzi waongezee.

DadaWaKibirizi

Asante mleta uzi, hapo kwenye mwezi umegusa penyewe. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza kwa sababu taa ndiyo inayovuta dagaa juu. Mbalamwezi ikiwa kali taa inashindwa nguvu, dagaa hawakusanyiki, na siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu boti nyingi zinalala. Ukipanga kupiga mwalo wa Kibirizi (ufuko wetu wa kushushia samaki) kwenye mwezi mpevu utakuta watu wanashona nyavu na kufunga injini. Ni picha nzuri, ila hiyo ni sura nyingine ya filamu. Chukua kalenda ya mwezi, panga wiki ya giza. Angalia pia tangazo la kufungwa ziwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti.

Jambo la pili ni jua. Kigoma iko magharibi mno kwa saa tunayotumia nchi nzima. Jua letu liko nyuma ya Dar es Salaam kwa takribani dakika 38. Novemba linachomoza kama saa 12:35 asubuhi, Julai linafika saa 1:10. Jua la utosi ni karibu saa saba mchana, siyo saa sita. Ratiba ya kupiga picha iliyoandikwa na mtu wa Dar itakuweka mwaloni gizani asubuhi, na itakunyima zaidi ya nusu saa ya mwanga mzuri jioni.

Halafu vilima viko mashariki yetu. Jua likishachomoza kwa hesabu, mwalo bado uko kivulini kwa muda. Huo muda usiupoteze, mwanga ni laini na nyuso hazina vivuli vikali. Likipanda juu ya kilima linakuwa mgongoni kwako ukitazama ziwa, boti zinazoingia zinamulikwa usoni. Jioni ni kinyume chake, jua linazama upande wa Kongo na kila mtu anakuwa kivuli cheusi. Kwa hiyo nyuso zipige asubuhi, maumbo yapige jioni.

MzeeWaFremu

Kabla hamjafika mbali, niongee kuhusu spidi, maana wengi wanazitazama hizi filamu zikiwa zimeharibika.

Kamera za zamani zilizungushwa kwa mkono. Mzunguko mmoja wa mkono ulipitisha fremu (picha moja moja) 8, mizunguko miwili kwa sekunde ni fremu 16. Baadaye filamu za sauti zikaweka 24. Filamu ya fremu 16 ikipitishwa kwenye mashine ya 24 inakwenda mara moja na nusu: dakika 60 zinakuwa 40, na watu wanachakarika mtaani kama wameshikwa na wazimu. Filamu hizi hazikukusudiwa hivyo. Wala spidi haikuwa moja kwa zote: nyingine zilipigwa 18, nyingine 20, za mwisho za miaka ya 1920 zikakaribia 24.

Namna ya kupima: tafuta sehemu mtu anatembea kawaida, hesabu hatua zake kwa sekunde kumi. Binadamu hupiga hatua 18 hadi 20. Ukipata 28 au 30, nakala yako inakimbia. Kwenye programu ya VLC shusha spidi hadi 0.67. YouTube ina 0.75, inasaidia kiasi. Nakala zilizokarabatiwa vizuri kwa kawaida zimesharekebishwa, usizipunguze tena.

Na msichanganye kosa hilo na ufundi. Vertov anaharakisha, anapunguza na hata kusimamisha picha kwa makusudi. Kuna mahali picha inaganda, kisha unamwona Svilova mezani akizipanga zile fremu. Hapo ndipo mtazamaji anaelewa kwamba mji anaouona umetengenezwa kwa mkasi.

KijanaWaMwanga

Wakuu, kwa simu ya kawaida niweke mipangilio gani? Na shoti ngapi zinatosha filamu ya dakika kumi?

MzeeWaFremu

Kijana, weka 1080p, fremu 25 kwa sekunde. Sababu ya 25 ni umeme: wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za sokoni zinapepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya sekunde 1/50 au 1/100 inaenda nazo sawa. Ukiacha simu kwenye fremu 30 na shata 1/60, mistari ya giza itapanda na kushuka kwenye picha, na hakuna programu itakayoitoa vizuri. Programu ya kamera ya simu ikikunyima uhuru huo, jaribu Open Camera, ni ya bure, kama simu yako itaikubalia.

Mchana kuna tatizo la pili. Jua la Kigoma na lenzi ya simu ambayo tundu lake halipunguziki vinailazimisha shata kwenda 1/2000 au 1/4000. Magurudumu ya baiskeli, mabawa ya ndege na miguu ya wapagazi vinaonekana vikidunda badala ya kutiririka. Tiba ni kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, ND64 kwa jua kali. Ukikosa, piga vitu vinavyokimbia asubuhi na jioni, mchana piga vilivyotulia.

Funga fokasi na mwanga kabla ya kila shoti. Usipofunga, mtu wa shati jeupe akipita mbele picha nzima inaingia giza, halafu inarudi.

Idadi: Vertov ana shoti kama 1,775 kwa dakika 68, wastani wa sekunde 2.3. Huo mwendo usiuanze, unahitaji mhariri mkomavu. Anza na wastani wa sekunde 4, dakika kumi ni shoti 150. Rekodi nne kwa kila moja utakayotumia, yaani 600, kila moja sekunde 15. Ni dakika 150 za picha. Simu nyingi zinakula kama MB 130 kwa dakika, kwa hiyo unafika GB 20. Memori kadi ya GB 32 inatosha, lakini nakili kila jioni sehemu mbili.

Wengi wanaanguka kwenye hizo sekunde 15. Mtu anarekodi sekunde tatu, anahama. Akifika mezani anakuta kila shoti ina mtikisiko mwanzo na mwisho, katikati hakuna kitu. Bonyeza, shusha pumzi, subiri kitendo kianze, kiishe, kisha hesabu tano ndipo uzime.

MejaWaMaembe (Tabora)

Nawasalimu kutoka Unyamwezini. Kigoma mna ziwa, sisi tuna njia panda ya reli, na filamu hizi zinaipenda reli kuliko kitu chochote. Berlin inafunguliwa na treni: reli zinapishana, nyaya za simu zinapanda na kushuka dirishani, magurudumu, viunganisho vya mabehewa, kisha stesheni. Ruttmann alitoka kwenye filamu za maumbo matupu ya kuchora, ndiyo maana anaiona reli kama mistari kwanza, usafiri baadaye.

Tabora njia ya Kigoma na njia ya Mwanza zinaachana. Mtu anaweza kutengeneza filamu nzima ya dakika sita juu ya kuachana huko: mabehewa yanapangwa, abiria wanahama, mizigo inapita madirishani, wauza maembe na asali, ukimya treni ikiondoka. Na ifanyike mapema, kwa sababu reli ya kisasa ya upana wa milimita 1,435 inajengwa, na hii ya mita moja iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914 haitakuwa na shughuli ile ile milele.

Angalizo: stesheni, yadi na bandari huingii na tripodi bila barua. Andika kwa meneja wa stesheni, taja siku, idadi ya watu, vifaa. Kwa kazi ya kuonyeshwa hadharani pitia Bodi ya Filamu, sheria yake ni ya mwaka 1976. Usisimame katikati ya reli hata sekunde moja kwa sababu uliona Vertov amepiga treni ikimpita juu. Kamera ilifukiwa shimoni chini ya reli. Pata picha ya chini kwa kusimama nje ya uzio na kuvuta kwa lenzi.

DadaWaKibirizi

Tumeongelea mashine, tuongelee watu. Wapigaji wa Ruttmann walificha kamera kwenye gari na masanduku. Jean Vigo na Boris Kaufman, mdogo wake Vertov, walifanya hivyo hivyo kwenye filamu yao ya Nice ya 1930, wakiwanasa matajiri wamelala juani ufukweni. Vigo alikuwa na hoja: alitaka kuwaonyesha wenye nguvu bila wao kujipanga.

Kibirizi hali ni tofauti kabisa. Mama anayeanika dagaa siyo tajiri wa Nice. Kumpiga kwa kujificha ni kumwibia, na mwalo mzima utajua kabla hujamaliza. Nenda kwa uongozi wa mwalo, eleza, kisha simama mahali pamoja nusu saa bila kurekodi. Watoto watapunga mikono, watachoka, watarudi kwenye mambo yao. Kazi ya mikono ina kasi yake, mtu hawezi kuigiza muda mrefu huku anatandaza dagaa kabla jua halijawa kali.

Ukianza, fuata kazi hadi mwisho: ndoo inatoka botini, inapimwa, inamwagwa, inatandazwa kwenye kichanja au mchangani, inageuzwa, inakusanywa, inafungwa kwenye gunia, gunia linapanda kwenye gari. Mtazamaji wa Dodoma hana msimulizi wa kumwambia, hatua moja ikikosekana hataelewa dagaa amekaukaje. Vumbi, mafuta ya samaki na mvuke vinaganda kwenye lenzi, ifute kila baada ya shoti chache kwa kitambaa laini, shati la jasho linaongeza ukungu.

MhaririMezani

Naongezea upande wa rangi, kwa sababu nimeona wengi wanapiga kwa rangi kisha wanabonyeza "nyeusi na nyeupe" wakidhani kazi imeisha.

Mikanda mingi ya kupigia picha ya mwanzoni mwa miaka ya 1920 haikuona rangi nyekundu, nyekundu ilitoka nyeusi. Baadaye ukaja mkanda ulioona rangi zote. Ukiigiza ule wa kwanza kwa kuondoa nyekundu kwenye programu yako, mawese yatakuwa kama lami, sawa, lakini ngozi zetu nazo zitazama gizani, utapoteza macho, mikunjo, jasho. Ngozi nyeusi inarudisha mwanga zaidi upande wa nyekundu. Kwa hiyo fanya kinyume: nyekundu asilimia 50, kijani 40, buluu 10. Ziwa litakuwa zito kidogo na nyuso zitang'aa. Wakati wa kupiga pia pima mwanga kwenye uso, ziwa liungue kidogo nyuma.

Kabla ya kuhariri pitisha faili zote kwenye programu ya HandBrake, chagua fremu 25 zisizobadilika. Simu hubadilisha idadi ya fremu kimyakimya mwanga ukipungua, na ukilazimisha kwenye meza ya kuhariri, picha inaruka na ngoma inaachana na mkono wa mpigaji.

Sasa mkato wenyewe. Njia nyepesi ni kuunganisha kwa mwendo: gunia linatupwa kushoto kwenda kulia pale Kibirizi, bodaboda inatoka kushoto kwenda kulia soko la Mwanga. Ya pili ni umbo: taa ya mvuvi, mwezi, sufuria, gurudumu. Ya tatu ni mgongano wa maana, na hiyo ina sumu. Ruttmann anaunganisha miguu ya wafanyakazi na miguu ya ng'ombe wanaoswagwa. Carl Mayer, aliyekuwa na wazo la filamu ile, alijitoa kwa kuona inagusa juu juu tu, na kwa maoni yangu mkato kama huo ndio ushahidi: umbo limependeza, binadamu ametumika. Ukimpanga mpagazi wa bandari karibu na punda, hakuna atakayesikia mahadhi, watasikia tusi. Alberto Cavalcanti, kwenye filamu yake ya Paris ya 1926, anafanya mgongano bora zaidi: mtu anakula nyama, na ndani ya sahani inatokea machinjio. Hapo mlaji anaunganishwa na kazi iliyomlisha. Sahani ya ugali na migebuka hotelini Mwanga, kisha mikono inayovuta wavu saa tisa usiku, ni mkato wa ukoo huo.

LenziYaGungu

Mhariri, hilo la sahani nalichukua kama lilivyo. Vipi sauti? Vijana watauliza nani atatafsiri, wamezoea ma-DJ wa vibanda umiza.

MhaririMezani

Mkuu, Japani filamu bubu zilikuwa na msimulizi wa kusimama kando ya skrini, kwa hiyo DJ siyo dhambi. Lakini kwa filamu ya aina hii atajaza maneno mahali ambapo jicho linatakiwa kufanya kazi. Mimi ningeweka maandishi machache: jina la mahali na saa, basi. Kiswahili kina maneno marefu, hesabu sekunde moja kwa kila maneno mawili, ongeza moja ya kuanzia.

Muziki piga wenyewe. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 filamu inalindwa miaka 50, hivyo hizi za 1920 zimepita, lakini muziki mpya uliowekwa juu yake una mwenyewe. Ule wa Michael Nyman kwa filamu ya Vertov ni wa 2002, huwezi kuupiga ukumbini Ujiji ukaita bure. Zima sauti, weka ngoma.

Hesabu ya ngoma kwa fremu 25: 1,500 gawa kwa mapigo ya dakika. Mapigo 100 ni fremu 15 kamili kila pigo, 125 ni fremu 12, 75 ni fremu 20. Mapigo 120 yanakupa 12 na nusu, na mkato utakuwa unapishana na ngoma. Usikate kila pigo. Kata pigo la nne au la nane, halafu sehemu ya kupakua boti kata kila pigo kwa sekunde 20 tu.

KijanaWaMwanga

Na kuonyesha uwanjani? Umeme wa kubahatisha.

MzeeWaFremu

Projekta ya lumeni 3,000, kitambaa cheupe kisichopitisha mwanga, mita 1.8 kwa 1.35. Vipimo hivyo ni vya umbo la filamu za zamani, nne kwa tatu. Ukiacha projekta inyooshe picha ijaze skrini pana, watu wote wanakuwa wanene, ingia kwenye menyu uchague 4:3. Usianze kabla ya saa mbili usiku, jua letu linachelewa kuzama, Februari linafika saa 1:25 jioni.

Umeme: projekta wati 250, kompyuta 60, jumla 310. Betri ya volti 12, Ah 100, ina wati-saa 1,200, tumia nusu tu usiiue. Inveta inakula kama sehemu ya sita, unabaki na 500. Ni saa moja na nusu, inatosha Berlin na filamu yenu moja ya dakika kumi. Jenereta ikibidi, iweke mita 30 nyuma ya ukuta, upande ambao upepo wa ziwa hautaileta sauti kwa watu.

DadaWaKibirizi

Na onyesho la kwanza lifanyike mwaloni, wiki ya mbalamwezi, boti zikiwa zimelala. Waliopigwa ndio waone kwanza, na atakayesema sura yake itolewe, itolewe kabla filamu haijapanda mtandaoni. Kwa hiyo mhariri aache faili la mradi wazi, asifute shoti za akiba.